Mhakiki Alisikia Nini?

Februari 2007, msikilizaji mmoja katika jimbo la New York aliingiza sidii kwenye kompyuta yake. Ilikuwa na yale mazoezi 12 magumu ya piano ya Franz Liszt, Transcendental Studies, na kwenye jalada palikuwa na jina la Joyce Hatto, mpiga piano Mwingereza ambaye wahakiki walikuwa wamemsifu mpaka maneno yakawaishia. Programu ya kuchezea muziki ikasoma urefu wa kila kipande, ikaulinganisha na kumbukumbu zilizohifadhiwa huko kwenye intaneti, ikarudi na jina jingine kabisa: László Simon. Rekodi ya Mhungaria huyo ilikuwa imetolewa miaka mingi nyuma na kampuni ya BIS ya Sweden.

Programu ile haikusikiliza hata noti moja. Ilihesabu sekunde. Watu ambao kazi yao ni kusikiliza, wenye elimu ya muziki na makabati ya santuri nyumbani, walikuwa wameisikia sauti ile na kuipamba kwa sifa. Kilichoitambua ni hesabu ya muda, kazi ambayo mtu mwenye saa ya mkononi na kalamu angeweza kuifanya.

Kisa cha Hatto kimesimuliwa sana kama kisa cha utapeli, na utapeli ulikuwepo. Mimi kinanikera kwa sababu nyingine. Nasoma uhakiki wa rekodi mpya za muziki wa klasiki karibu kila wiki, na mara nyingi nikifika mwisho najikuta nina swali lilelile: huyu aliyeandika, alisikia nini? Najua ameambiwa nini. Najua mpigaji alizaliwa wapi, aliugua nini, alishinda tuzo gani, kampuni imemwekea matumaini gani. Lakini kile kilichotokea kati ya vidole na nyuzi, kile ambacho ndicho nilichofungua ukurasa kukitafuta, mara nyingi sikioni.

Hatto alizaliwa London mwaka 1928. Aliacha kupiga hadharani katika miaka ya 1970, na habari iliyosambaa ni kwamba alikuwa na saratani. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, kampuni ndogo iitwayo Concert Artist, iliyoendeshwa na mumewe William Barrington-Coupe, ikaanza kumwaga sidii zake sokoni: Mozart, Beethoven, Schubert, Chopin, Liszt, Prokofiev. Zikapita 100. Bibi wa miaka 70 na ushee, mgonjwa, asiyeonekana jukwaani, amerekodi karibu kila kitu kikubwa kilichoandikiwa piano, tena kwa vidole vya kijana. Nani asingeguswa? Mwaka 2005 mhakiki wa Boston Globe alimweka juu kabisa miongoni mwa wapiga piano walio hai ambao dunia haijawasikia. Wengine walistaajabia namna alivyobadilika kutoka mtunzi mmoja hadi mwingine, kana kwamba kila sidii ina mtu wake. Na kila sidii ilikuwa na mtu wake kweli.

Baada ya habari ile ya kompyuta kulifikia jarida la Gramophone, fundi wa sauti alizipanga rekodi mbili sambamba na kukuta mawimbi ya sauti yanalaliana. Wakati huohuo, katika chuo cha Royal Holloway cha Chuo Kikuu cha London, watafiti waliokuwa wakipima mazurka za Chopin, vipande vifupi vya piano vyenye mwendo wa ngoma ya Kipoland, pigo kwa pigo, ili waone kila mpigaji anavuta wapi na kukaza wapi, walikuwa wamekuta wapiga piano wawili wanaolingana kuliko inavyowezekana kwa binadamu. Mmoja ni Hatto. Wa pili ni Eugen Indjic. Anayejua mazurka anajua kwamba hata mtu mmoja hawezi kuipiga vilevile mara mbili, kwa kuwa mapigo yake matatu hayana urefu sawa na kila mara mkono unayagawa upya.

Mume alikana kwanza, kisha akamwandikia barua mkuu wa BIS akakiri. Alisema alianza kwa kuziba viraka pale ambapo milio ya maumivu ya mkewe iliingia kwenye maikrofoni, na viraka vikakua hadi vikawa nguo nzima. Hatto mwenyewe alikuwa amefariki Juni 2006 akiwa na miaka 77, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Sehemu ninayoirudia sana katika kisa hiki ni ya Konserto ya Tatu ya Piano ya Rachmaninov, yaani kazi ya mpigaji mmoja anayesindikizwa na okestra. Ilitoka kwa jina la Hatto pamoja na okestra iliyoongozwa na mtu aitwaye René Köhler, ambaye alitengenezewa wasifu mzima wa mateso ya wakati wa vita na ambaye hajawahi kuwepo. Kumbe ilikuwa rekodi ya Yefim Bronfman na okestra ya Philharmonia chini ya Esa-Pekka Salonen. Rekodi hiyo ya Bronfman ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mhakiki mmoja wa Gramophone aliiona haina moto wa kutosha. Miaka kama 15 baadaye sauti ileile ikamfikia ikiwa na jina la bibi mgonjwa, na mhakiki yuleyule akaisifu kama upigaji wa hali ya juu kabisa.

Ukisikia hivyo ni rahisi kusema wahakiki hawana masikio, wanavika watu vilemba vya ukoka tu. Sikubaliani. Masikio yao yalifanya kazi sawasawa. Upigaji waliousifu ulikuwa mzuri kweli, kwa sababu Simon, Indjic, Bronfman na wengine walioibiwa ni wapigaji wa kweli. Kosa liko mahali pengine na linauma zaidi. Wanamuziki hawa walikuwa wameketi studio, wamerudia ukurasa mmoja mpaka mikono ikafa ganzi, wametoa kazi yao kwa majina yao wenyewe, na sifa hazikuwajia. Mazurka za Indjic zilikuwa dukani tangu zamani. Zilikuwa na uzuri uleule kila zilipochezwa. Walioandika kuhusu rekodi walihitaji kisa cha kuwafungua masikio, na Indjic hakuwa na kisa. Alikuwa na mazurka tu.

Hiyo ndiyo dhuluma ninayotaka tuione. Mwizi aliiba sauti, lakini thamani ya ile sauti ilikuwa imekwisha kupotezwa kabla yake na watu waaminifu waliokuwa na haraka.

Kinyume chake nacho kimetokea. Kampuni ya Naxos, iliyoanzishwa Hong Kong mwaka 1987 na Klaus Heymann, iliuza sidii kwa bei ndogo sana ikiwatumia wapigaji wasiojulikana, wengi kutoka Ulaya ya Mashariki. Wengi walichukulia bei ile kama hukumu ya ubora kabla ya kusikiliza, na ilichukua miaka kwa jina hilo kuheshimiwa. Bei nayo ni kisa, tena kifupi kuliko vyote.

Sasa nije kwenye mfano usio na mwizi ndani yake, maana hapo ndipo jambo linapokuwa gumu.

Mimi ni mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya kanisa. Jioni moja baada ya mazoezi niliwabakiza wenzangu wanne, nikawachezea kwenye spika ndogo ile Aria, wimbo mfupi unaofungua Goldberg Variations za Bach, mara mbili, bila kutaja mpigaji. Ya kwanza inakwisha kabla ya dakika mbili kutimia. Ya pili inachukua kama dakika tatu. Noti ni zilezile, mizani, yaani vile vipande vidogo vya mapigo, ni zilezile 32, na hakuna sehemu inayorudiwa katika yoyote kati ya hizo mbili. Katika ya kwanza mapambo ya noti yanapita mepesi, kama mtu anayeshuka ngazi anazozijua. Katika ya pili kila noti inaachwa ifike chini ndipo nyingine iondoke, na kati ya mkono wa kushoto na wa kulia kuna nafasi unayoweza kuisikia. Mwenzetu wa alto alinyanyua kichwa kabla ya wote, akauliza, "Nani huyo anaimba nyuma?" Ni sikio la mwanakwaya hilo, halikosi kudaka sauti ya mtu. Kweli kuna mtu anayeguna wimbo chini kwa chini, na anayeguna ni mpigaji mwenyewe.

Wote wanne walisema ni wapiga piano wawili tofauti. Kaka wa teno alimpenda wa kwanza na kusema wa pili anajivuta, anataka tuone kwamba anafikiri.

Nikawaambia ni mtu mmoja, Glenn Gould wa Kanada. Rekodi ya kwanza aliifanya Juni 1955 akiwa na miaka 22, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 mjini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Ya pili aliifanya mwaka 1981 katika jengo hilohilo. Ikatoka Septemba 1982, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo Gould akafariki kwa kiharusi, siku chache baada ya kutimiza miaka 50. Kukawa kimya. Kisha kaka wa teno, yuleyule wa anajivuta, akasema, "Hebu irudie hiyo ya pili." Nikairudia. Ilipokwisha akasema, "Alikuwa anaaga."

Sikumcheka, wala sina haki ya kumcheka, kwa sababu nami husikia vivyo hivyo kila ninapoicheza. Lakini Gould hakuwa anaaga. Alipokuwa anarekodi mwaka 1981 hakuwa na habari kwamba amebakiwa na kipindi kifupi namna ile. Alieleza mwenyewe alichokuwa anakitafuta: mwendo mmoja wa msingi unaofungamanisha Aria na zile tofauti zake zote 30, hivi kwamba pigo la kipande kimoja lizae pigo la kinachofuata kwa hesabu inayoeleweka. Huo ni mpango wa fundi. Unasikika ukiutega sikio, hasa pale kipande kimoja kinapokatika na kingine kuingia bila kupumua. Dunia imeuandika kwa miongo minne kama wosia wa mtu anayekufa, na kadiri wosia unavyosifiwa ndivyo ile kazi ya mwendo inavyozidi kufichika.

Jacqueline du Pré ni mfano mwingine, na huu hunitia uchungu. Agosti 1965, katika ukumbi wa Kingsway Hall mjini London, alirekodi Konserto ya Selo ya Elgar (selo ni ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti) chini ya uongozi wa John Barbirolli. Alikuwa msichana wa miaka 20, mzima wa afya, mwenye nguvu za kutosha kukata uzi kwa upinde. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuja kuthibitishwa mwaka 1973, na alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Leo soma chochote kuhusu rekodi ile uone ni mara ngapi utaambiwa kwamba maumivu yake yanasikika ndani ya selo. Maumivu gani? Miaka minane kabla ya kutambuliwa? Kinachosikika ni ujasiri wa kijana: anavyoingia kwenye zile kodi nne za mwanzo, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, bila kuomba ruhusa, anavyotelezesha kidole kutoka noti hadi noti bila kuficha safari yake. Tukiuita ule ujasiri ugonjwa, tunamnyang'anya kitu alichokifanya kwa makusudi akiwa na akili na nguvu zake zote.

Kila anayerekodi Elgar tangu hapo anapimwa kwa rekodi ile. Januari 2020 ilikuwa zamu ya Sheku Kanneh-Mason, na okestra ya London Symphony chini ya Simon Rattle. Albamu iliingia kwenye kumi bora za Uingereza, jambo ambalo hakuna mpiga selo aliyekuwa amelifikia kabla yake. Ukisoma yaliyoandikwa utapata mengi kuhusu kijana huyu: mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kushinda shindano la BBC la wanamuziki vijana, mwaka 2016; harusi ya kifalme ya Mei 2018 alikopiga selo, iliyotazamwa dunia nzima; mama aliyezaliwa Sierra Leone, familia ya ndugu saba wote wanamuziki. Nilifurahi, na bado nafurahi. Nilipomwona kwenye ile harusi nilisimama sebuleni peke yangu. Kisa cha namna hiyo kina kazi yake njema, kinamfanya mtoto wa Korogocho au Temeke aone kwamba selo si mali ya watu fulani tu.

Lakini mhakiki anayetumia safu nzima kumshangilia, kisha akatupa mstari mmoja kwamba upigaji ni wa dhati na wenye hisia, hajamheshimu. Kijana amekaa miaka na ile sehemu ya tatu ya konserto, ile Adagio fupi ya mwendo wa polepole ambayo selo karibu hainyamazi. Amechagua pa kupumua, amechagua noti ipi aitikise na ipi aiache ikae wazi bila mtikisiko. Hayo ndiyo anayotaka kuulizwa. Ukimsifu kwa alivyozaliwa tu, siku ukimchoka utamwacha kwa sababu hizohizo, na selo yake haitakuwa imesikilizwa katika siku zote mbili.

Najua mazingira ya kazi yenyewe. Gramophone ilipoanzishwa na Compton Mackenzie mwaka 1923, santuri ilibeba dakika chache kila upande na mhakiki aliweza kuicheza mpaka akaijua kwa moyo. Leo kila Ijumaa inashuka na rundo la albamu mpya, magazeti yamepunguza kurasa za muziki, na kila albamu inakuja na karatasi ya kampuni iliyokwisha kuandika kisa, tayari kunakiliwa. Mtu mwenye maneno 150 na siku mbili atashika kilicho karibu.

Hata hivyo njia zipo, na zinatumika. Redio ya France Musique ina kipindi ambacho wahakiki husikilizishwa rekodi kadhaa za kazi moja bila kuambiwa nani anapiga, wakabishana mbele ya wasikilizaji, wakawa wanaondoa moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile ya mwisho, ndipo majina yatajwe. Mara nyingi jina kubwa huanguka mapema na jina ambalo hukulitarajia likabaki. Ninachokipenda zaidi kwenye kipindi hicho ni lugha yao. Kwa kuwa hawana kisa cha kushika, wanalazimika kusema: sikiliza hapo besi inapoingia, imechelewa; sikiliza filimbi, imefunikwa na fidla; huyu anakimbia kwa sababu hawezi kuishikilia pumzi. BBC nayo tangu mwaka 1957 ina kipengele cha redio kiitwacho Building a Library, ambapo mtu mmoja hupitia rekodi nyingi za kazi moja na kuchezesha sekunde kadhaa za kila moja ili wewe mwenyewe usikie anachokisema. Unaweza kumkatalia, kwa sababu amekupa cha kukatalia.

Uhakiki unaostahili jina hilo unanionyesha mahali. Uniambie dakika ya nne na sekunde ishirini, nami niende hapo nikakubali au nikatae. Ukiniambia upigaji una hekima ya uzee, sina pa kwenda. Wote waliomwandikia Hatto sifa za hekima na maumivu hawakuweza kukosolewa na mtu, maana hekima haina dakika wala sekunde. Mwaka 2006, minong'ono ilipozidi, Gramophone iliwataka wenye shaka walete ushahidi unaoweza kusimama mahakamani. Ushahidi ulikuwa ndani ya sidii zenyewe muda wote. Ilitosha mtu kuweka ile ya Hatto na ile ya Indjic pamoja mezani, akasikiliza mazurka moja tu kwa utulivu.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wake. Wengi wetu tumeingia kwenye muziki huu kwa mlango wa kwaya, kwa Haleluya ya Händel tuliyoikariri kwa sol-fa kabla ya kujua Händel ni nani. Duka la santuri za klasiki hatuna. Tuna simu na bando. Nikitaka kumsikia Bach nitakuta rekodi zaidi ya mia za kazi moja, na bando langu la wiki halitoshi kuzijaribu hata kumi. Uhakiki ndio unaoniambia nianzie wapi, na nikianzia pabaya naweza kuamini maisha yangu yote kwamba kazi ile ni baridi, kumbe baridi alikuwa mpigaji. Kwa hiyo mhakiki wa London akiniuzia kisa badala ya sauti, mimi wa huku nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku hizi nina utaratibu wangu. Rekodi mpya ikinifikia naicheza kwanza mara mbili bila kusoma kitu, hata jalada nalifunika, naandika kwenye daftari dakika na sekunde za pale niliposhtuka. Ndipo nasoma wengine wamesemaje. Mara nyingi nakuta nimeshtuka mahali ambapo hakuna aliyepagusa, na mara chache, chache sana, nakuta mtu wa mbali nisiyemjua ametaja sekunde ileile. Hapo namkumbuka jina na kumfuata kila anapoandika.

Jana usiku nilirudi kwa Liszt, yale mazoezi 12 yaliyoanzisha yote haya, safari hii kwa jina la mpigaji wake, László Simon. La mwisho linaitwa Chasse-neige, tufani ya theluji, kitu ambacho sijawahi kukiona. Linaanza kwa mtetemo mdogo wa vidole, karibu hausikiki, na wimbo mfupi juu yake, kisha mtetemo unazidi kupanda mpaka unataka kuufunika wimbo wenyewe. Kazi yote ya mpigaji ni kuhakikisha wimbo haufunikwi. Nililicheza mara tatu. Kwenye daftari nimeandika nyakati nne, na ya kwanza ni pale mwanzoni kabisa, kabla wimbo haujaingia.